Usiku Mjomba Aliposikia Meli Mtaani

Hotuba kwa familia na wanafunzi wapya, Montreal, kabla ya msimu wa theluji

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliowasili juzi na jana, karibuni sana. Ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu, Goma na Lubumbashi, jambo. Wa Kigoma na Dar es Salaam, habari za safari. Wa kwetu Mombasa mmekaa nyuma karibu na birika la chai, nanyi nawasalimu.

Nimeombwa nizungumze juu ya baridi ya mji huu. Habari za makoti, glavu na viatu mmeshapewa kwenye karatasi, na karatasi zile zimeandikwa vizuri, kwa hiyo sitazirudia. Nitasema jambo moja tu ambalo halimo humo. Nalichukulia kwa uzito, ingawa kisa chenyewe kimewachekesha watu wa nyumbani mpaka wakatokwa na machozi. Kinamhusu mjomba wangu, ndugu wa mama. Nilimpigia simu kumwomba ruhusa ya kukisimulia mbele yenu. Akakubali kwa sharti kwamba nieleze wazi kuwa hoja yake kuhusu meli ilikuwa na msingi. Nitaeleza.

Lakini kwanza mjue mji huu unaifanya nini theluji yake, maana bila hilo kisa hakieleweki.

Montreal hupata kama mita mbili za theluji kwa msimu. Haishuki yote kwa pamoja. Huja kwa mafungu, leo sentimita tano, kesho kutwa ishirini. Iko miji inayoisukuma pembeni na kuiacha hapo ingoje jua. Hapa hilo haliwezekani. Mitaa ya zamani ni myembamba, nyumba zimebanana, wengi hawana gereji hivyo magari hulala barabarani, na baridi ni ndefu. Ikiachwa pembeni, kufika Februari hakuna gari la wagonjwa wala la zimamoto litakalopita. Kwa hiyo hapa theluji husombwa.

Kazi ina awamu mbili. Ikianza kulundikana, hutoka greda za barabarani na vile vitingatinga vidogo vya kwenye njia za miguu. Vijana, vikija vipisheni, vinakwenda kasi kuliko mnavyodhani. Humwagwa chumvi na changarawe ili watu wasiteleze. Halafu theluji ikishafika sentimita kumi au kumi na tano, huja awamu ya pili, ya kuzoa na kupakia. Iko mashine yenye mdomo mpana inayoitafuna theluji na kuirusha juu kwa bomba mpaka ndani ya lori linalotembea sambamba nayo. Lori likijaa linaondoka, jingine linashika nafasi, na msafara hausimami. Shehena hiyo hupelekwa kwenye maeneo maalumu ya kumwagia, nyingine huteremshwa kwenye mifereji ya majitaka. Eneo kubwa kuliko yote ni yale machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, Francon, kule Saint-Michel. Mkipita huko wakati wa kiangazi, watu wakiwa na kaptula, mtauona mlima mweusi wa barafu bado haujaisha.

Sasa, mashine haiwezi kuzoa theluji penye gari lililosimama. Ndiyo maana kabla ya kazi huja watu kupanda mabango ya rangi ya chungwa kandokando ya mtaa, yanayoonyesha saa ambazo hairuhusiwi kuegesha upande huo. Mara nyingi ni saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, au saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Wakati ukifika, magari ya kuvuta hupita yakipiga king'ora cha sauti mbili, juu na chini, juu na chini, kuwaambia wenye magari: hii ndiyo dakika yenu ya mwisho. Asiyetoka, gari lake linanyanyuliwa na kupelekwa mtaa mwingine wa jirani, linaegeshwa huko, na linabandikwa karatasi ya faini. Haliibwi wala halifungiwi. Linahamishwa tu, halafu wewe ukalitafute.

Haya, Mjomba.

Baridi ile dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mama yetu ameshatangulia mbele ya haki, na Mjomba akasema kwamba mjukuu wa dada yake hawezi kukua ugenini asiwe na mzee wa kwao wa kumpakata na kumwombea dua. Akapanda ndege. Mzee huyu maisha yake yote ya kazi aliendesha winchi bandarini Kilindini. Hajui Kifaransa, na theluji hakuwa ameiona hata kwenye jokofu, kwa sababu nyumbani kwake barafu ilikuwa ya kuuzwa kwa vipande na haikukaa. Dada na mumewe walikuwa wakikaa Côte-des-Neiges, nyumba ya chini, wapangaji wengine juu yao. Shemeji alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, akipewa lifti na mwenzake, na kigari chao cha kijivu kikibaki mtaani mbele ya nyumba.

Siku hiyo theluji ilianguka kutwa nzima. Magharibi ikakatika. Shemeji akaondoka. Baadaye kidogo Mjomba akiwa dirishani aliona vijana wawili wakishuka kwenye gari na kuchomeka bango la rangi ya chungwa kwenye rundo la theluji, karibu na bonneti ya kile kigari. Akamwambia dada. Dada alikuwa na mtoto begani, naye ilikuwa baridi yake ya kwanza katika mji huu, akajibu: "Hayo mambo ya barabara, Mjomba." Wakalala.

Saa tisa usiku Mjomba alikuwa macho kwa sala yake ya usiku. Akasikia sauti nzito, ya chini na ya juu, ikijirudia. Akanyamaza akasikiliza. Nyuma ya pazia taa ya manjano ilikuwa ikizunguka ukutani. Halafu ukaja mngurumo wa dizeli, vyuma vikigongana, watu wakipigiana kelele, na ile pii-pii ya lori likirudi nyuma. Kwa mtu aliyekula chumvi ya Kilindini, hizo ni sauti za gatini, hakuna nyingine. Mtoto akaamka akalia. Mjomba akamchukua ili dada apumzike, akawa anamtembeza sebuleni, akimwimbia na kumweleza: "Nyamaza baba, meli hiyo inang'oa nanga. Umesikia honi? Wanafungua kamba sasa."

Hapa ndipo ninapotimiza sharti lake. Montreal ni mji wa bandari. Uko zaidi ya kilomita elfu moja ndani kutoka Bahari ya Atlantiki, lakini meli za makontena hupanda mto Saint-Laurent mpaka hapa, na tangu 1964 hupanda hata katikati ya baridi, barafu ikiwa imetanda mtoni. Tena ziko desturi za tangu karne ya 19: nahodha wa meli ya kwanza ya bahari kuu kutia nanga kila mwaka mpya hutunukiwa fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Kwa hiyo mzee aliyesikia king'ora usiku wa Januari akasema meli, hakusema jambo lisilokuwepo. Ila bandari iko upande wa pili wa Mont-Royal, ule mlima wa katikati ya mji, na meli haipiti Côte-des-Neiges.

Asubuhi shemeji alirudi amechoka, akaingia kupitia mlango wa uani, akaoga, akalala. Dada na mtoto nao wamelala. Mjomba ameshakunywa chai. Mnawajua wazee wetu: hakuna kitu kinachowaumiza kama kukaa katika nyumba ya watoto wao bila la kufanya. Akavaa koti la shemeji, akatia ufunguo wa gari mfukoni, akachukua brashi na beleshi. Akasema nafsini mwake, mkwe wangu akiamka alikute gari safi.

Kutoka nje, upande wa nyumba yao ulikuwa mweupe pe, hapana gari hata moja, lami inaonekana. Upande wa pili magari yamejipanga yote, kila moja limegeuka boflo kubwa jeupe. Hujui rangi, hujui namba, hujui mbele wala nyuma. Mjomba akatafakari. Gari haliwezi kuondoka peke yake, kwa hiyo lilikuwa ng'ambo ile na yeye ndiye aliyeuona upande vibaya kwa dirisha la usiku. Akavuka. Akachagua boflo lililoelekeana na mlango wao, lenye kimo kile kile, akaanza.

Huyu ni mtu wa kazi. Hakupangusa kioo cha mbele akaacha. Alianza juu ya paa akashusha chini, akafuata vioo vya pembeni kwa kiganja ili brashi isivikwaruze, akachimba kila tairi mpaka ikasimama juu ya lami, akakwangua barafu kwenye vipangusio, akasafisha hata ile nafasi ya kati ya bampa na namba. Alipofika kwenye milango rangi ikaanza kutoka. Nyekundu. Akapangusa zaidi, kwa matumaini. Nyekundu zaidi.

Bado ameduwaa hivyo, akatoka mama mmoja wa Haiti, mtu mzima, amejifunga skafu mpaka puani na beleshi lake mkononi. Amekuja kuchimba gari lake, analikuta linang'aa kuliko siku alipolinunua, na pembeni yake mzee asiyemjua, amevaa koti linalomfika magotini, anamwambia "Samahani sana, mama" kwa Kiswahili. Mama yule akamshika mikono yote miwili. Akasema maneno mengi ya Kifaransa, na Mjomba akayajibu yote kwa Kiswahili, na wote wawili wananiapia mpaka leo kwamba walielewana.

Mjomba akamwonyesha ufunguo. Akaonyesha upande ule mtupu. Akakunjua mikono: liko wapi? Mama akacheka, akaweka kiganja mdomoni akaigiza king'ora, juu na chini, juu na chini. Mjomba akaitikia kwa furaha, ndiyo, meli! Mama akatikisa kichwa. Akakunja kidole cha shahada kikawa kulabu, akakishusha polepole, akakinasa kwenye ukingo wa kiganja cha mkono wa pili, akakinyanyua, akakisogeza hewani mpaka pembeni, akakishusha tena.

Hapo Mjomba hakuhitaji mkalimani. Ishara ile ya kulabu kushuka, kunasa, kunyanyua na kuhamisha shehena ndiyo aliyopigiwa na watu wa chini gatini miaka yake yote akiwa juu ya winchi. Akajua saa hiyo hiyo kwamba gari la mkwewe lilikuwa mzigo, limehamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kwamba mzigo uliohamishwa unatafutwa. Wakaondoka pamoja, yeye na yule mama, mabeleshi begani.

Nyumbani, shemeji anaamka. Gari halipo. Ufunguo haupo. Koti halipo. Mjomba hayupo. Mkiyajumlisha hayo manne mnapata jawabu alilopata shemeji: mzee ameendesha gari. Mzee ambaye maisha yake yote ameendesha upande wa kushoto wa barabara, juu ya barafu, katika mji asioujua hata jina la mtaa. Dada akaanza kulia. Shemeji akapiga simu 311, namba ya huduma za mji, huku akitetemeka, akitaka kusema mzee amepotea na gari. Aliyepokea akamwomba namba ya gari, akaiangalia kwenye kompyuta, akamjibu kwa upole kuwa gari lilihamishwa usiku kwa ajili ya kazi ya theluji, liko mtaa fulani. Shemeji akauliza: "Na mzee je?" Yule mhudumu akasema mzee hayumo kwenye kompyuta.

Shemeji akakimbia mpaka huko. Akakikuta kigari cha kijivu kimechimbwa chote, karatasi ya faini imepangusiwa maji na kuchomekwa tena vizuri mahali pake. Mjomba na mama wa Haiti wameegemea bonneti wanakula andazi la jana ambalo Mjomba alikuwa amelitia mfukoni, wamegawana nusu kwa nusu.

Mmecheka, na nimefurahi mmecheka, kwa sababu kisa ni cha kuchekesha na kilikwisha kwa heri. Sasa nipeni masikio, maana kwa sehemu inayofuata ndiyo nilikubali kuja.

Usiku ule, king'ora kilipolia, familia ya juu ilisikia. Walikuwa wameshakaa hapa muda mrefu. Baba wa juu alivaa viatu, akashuka ngazi, akapita mbele ya mlango wa dada yangu, akaondoa gari lake lililokuwa limeegeshwa nyuma ya kigari cha kijivu, akarudi, akapita tena mbele ya mlango ule ule, akalala. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Tumekuwa marafiki baadaye. Alipoulizwa alisema kwamba alidhani wanajua, tena palikuwa na mtoto mchanga na hakutaka kuwaamsha. Katika mji huu, kutobisha mlango wa mtu saa tisa usiku ni adabu, na adabu hiyo naiheshimu.

Lakini sisi tumelelewa vingine. Kibokoni, mtaa wetu kule Mombasa, maji yakirudi kwenye bomba usiku wa manane baada ya siku za ukame, wa kwanza kuyasikia hupiga kelele mtaa mzima uamke na ndoo. Hakuna anayeuliza kama jirani anajua. Nawaomba desturi hiyo msiiache uwanja wa ndege pamoja na zile chupa za maji walizowanyang'anya. Kwenye jambo hili la theluji, bisheni hodi. Ukisikia king'ora na unajua mlango wa mgeni kwenye jengo lenu, mbishie. Atafungua kwa hofu, atakukasirikia nusu dakika, kisha atavaa viatu.

Na si suala la faini peke yake. Kuna jambo ambalo huyu mama wa Haiti alimwonyesha Mjomba kwa ishara pale pale, na naomba kila aliye na gari au atakayepewa lifti alishike. Kabla ya kuwasha injini, chimbeni kwanza nyuma, bomba la moshi liwe wazi. Theluji ikiliziba bomba na injini inaunguruma, moshi wenye sumu huweza kurudi ndani ya gari. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu anawasha gari apate joto, anamtia mtoto ndani, anafunga milango, yeye yuko nje anachimba, na ndani mtoto anasinzia usingizi ambao si usingizi. Watu wamekufa hivyo katika nchi za baridi. Msimwache mtu ndani ya gari lililofukiwa huku injini inafanya kazi, hata kwa dakika chache, hata akilia baridi. Mrudisheni nyumbani, mchimbe, kisha mmlete.

Tairi za baridi ni sheria katika jimbo hili la Quebec, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na anayenunua gari kwa mtu mkono kwa mkono azikague kabla hajalipa. Kwa wenye simu nzuri, ipo programu ya mji iitwayo Info-Neige inayoonyesha mtaa wako umepangiwa lini. Wasionayo, 311. Namba hiyo iandikeni kwa kalamu ukutani karibu na mlango, kwa sababu siku ya kuihitaji mnaweza kuwa na kiwewe.

Msidhani nawatisha. Februari 2025, dhoruba mbili zilifuatana ndani ya siku chache zikamwaga zaidi ya sentimita 70. Kazi ya kusomba ilichukua zaidi ya wiki. Njia za miguu zilikuwa mifereji kati ya kuta, na mtu na mtu wakikutana mmoja alilazimika kurudi nyuma. Katika siku zile niliona mlango baada ya mlango ukibishiwa katika mtaa wetu: huyu anaazima beleshi, yule anamsukumia mwenzake gari, mwingine anamletea ajuza mkate. Wenyeji wa hapa wana ukarimu mwingi, ila hungoja dhoruba kubwa ndipo wauonyeshe. Nyinyi msingoje.

Mjomba alikaa mpaka majani yakachipua. Tulimpeleka Bandari ya Zamani siku moja yenye jua kali na baridi kali, mto umejaa vipande vya barafu vinavyosukumana, na meli halisi ikapanda kutoka mashariki, ubavu wake umepakwa barafu. Akasimama akazitazama winchi zake, akazihesabu kwa sauti, akatuambia ipi imepangwa vibaya. Ikapiga honi. Akatugeukia sisi sote, pamoja na shemeji, akasema: "Mnasikia? Ndiyo ile ile." Hatukumbishia.

Mama wa Haiti alimjia dada kila wiki baada ya hapo, na mtoto sasa anamwita bibi.

Ndugu zangu, kwenye meza ile karibu na mlango kuna karatasi zilizopangwa kwa majina ya mitaa: Côte-des-Neiges, Parc-Extension, Saint-Michel, Montréal-Nord, na nyingine tupu kwa mitaa tuliyoisahau. Kila mmoja aandike jina analoitwa, jengo lake, na namba ya simu anayoipokea usiku. Asiyekubali kuamshwa asiandike, hatutamlaumu. Nataka tusiondoke hapa kabla kila mgeni hajajua jina la mtu mmoja atakayembishia mlango, na kila mwenyeji hajajua mlango atakaoubisha. Wa Mombasa, sogeeni mbele na hiyo chai, wenzenu nao wanywe wakiandika.